Tanga likishaanuliwa: huduma za wafiwa, zinazofaa na zinazoishia njiani

Kwetu msiba haukosi watu. Turubai linafungwa kabla mwili haujatoka mochwari, viti vinakodiwa, masufuria ya majirani yanakusanywa, na hata ambaye hakumjua marehemu atakuja kukaa kwenye mkeka. Upungufu hauko hapo. Uko katika wiki ya tatu, turubai limesharudi kwa mwenyewe, mashemeji wamepanda basi, na mjane amebaki na nguo za marehemu kabatini na barua ya ada ya shule mezani. Kwa hiyo huduma tunazozipitia hapa tumezipima kwanza kwa swali hili: zinamfaa nini mfiwa baada ya tanga kuanuliwa? Kisha tukatazama nani anayesikiliza na amefundishwa nini, kama Kiswahili kinatumika, na kama huduma yenyewe inajua kumpeleka mtu mbele hali inapozidi.

Si kila mfiwa anahitaji mshauri nasaha. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2013 kuhusu hali zinazotokana na msongo, lilishauri kwamba tiba ya kisaikolojia isigawiwe kwa kila aliyefiwa kwa sababu tu kafiwa, kama hana dalili za ugonjwa wa akili. Kulia ghafla sokoni, kukosa usingizi, kuhisi umemsikia marehemu akiita uani, kupika chakula cha watu watano wakati mmebaki wanne, hayo ni majonzi na yana njia yake ya kupita. Mwongozo huohuo unashauri mfiwa, awe mkubwa au mtoto, asipewe dawa za jamii ya diazepamu kwa ajili ya majonzi. Hili tunalisisitiza kwa sababu msibani daima kuna mtu mwenye huruma anayekwenda duka la dawa kumletea mjane kidonge cha kulala. Dawa hizo mwili huzizoea upesi, mzee akiamka usiku kwenda msalani huyumba na kuanguka, na mwenye kuzimeza siku ya maziko mara nyingi hubaki na kumbukumbu yenye mapengo ya siku ambayo baadaye angependa kuikumbuka.

Kamati ya mazishi

Kwa kazi yake, hakuna huduma inayoifikia. Ndani ya saa chache kuna mwenyekiti, mweka hazina, mtu wa usafiri, mtu wa chakula na mtu wa kaburi, na wote hawalipwi. Mfiwa anaachwa akae na uchungu wake bila kuulizwa bei ya mchele. Hiyo peke yake ni tiba.

Inapoharibika, huharibika kwenye daftari la rambirambi. Michango ya simu inaingia kwenye laini ya mtu mmoja na kuchanganyika na fedha zake. Madeni ya jeneza na ya mafuta ya gari yanalipwa kabla hesabu haijafungwa. Mwishoni mjane anapewa bahasha na kuambiwa "hiki ndicho kilichobaki". Hata kama hakuna aliyeiba, shaka hiyo hukaa katika ukoo miaka. Kamati nzuri utaitambua hivi: anayepokea fedha si anayeandika, michango ya simu inaingia kwenye laini moja iliyotangazwa na ambayo haitumiki kwa jambo lingine, kila matumizi yana risiti au angalau jina la aliyelipwa, na siku ya kuanua tanga hesabu inasomwa mbele ya watu. Kisha daftari lenyewe, si muhtasari wake, anakabidhiwa mfiwa mbele ya mashahidi wawili. Ataliweka. Atalisoma siku nyingine usiku na kuona majina ya watu waliomkumbuka.

Kuna jambo ambalo kamati nyingi hazilifanyi na lingegharimu kidogo: kutovunjika zote siku ya tanga. Wabaki watu watatu kwa miezi sita. Mmoja ashughulikie karatasi, maana bila cheti cha kifo, ambacho kwa Tanzania Bara kinatoka RITA, wakala wa serikali wa kusajili vizazi na vifo, hakuna benki, mfuko wa hifadhi ya jamii wala mahakama ya mirathi itakayomsikiliza mjane. Na kibali cha mazishi kikishapotea kwenye mifuko ya watu, kulifuatilia jambo hilo ni mzigo mwingine juu ya msiba. Aombe cheti mapema na atoe nakala kadhaa zilizothibitishwa, kwa kuwa kila ofisi itataka yake. Wa pili afuatilie ada za watoto hadi muhula unaofuata. Wa tatu kazi yake iwe kwenda tu kumtazama mfiwa, siku ileile ya kila wiki, akiwa na sukari au hana.

Kikundi cha kufa na kuzikana

Hivi vipo kila mtaa, na wengi wanavijua kwa upande wa fedha. Kabla ya kujiunga soma katiba, si maneno ya katibu. Tazama muda wa kusubiri: vikundi vingi havitoi chochote kwa mwanachama mpya hadi miezi kadhaa ipite. Tazama nani anahesabiwa: mke na watoto karibu wote wanaingia, ila wazazi wa mke huachwa katika katiba nyingi, na mtoto aliyefariki kabla ya kupewa jina haonekani popote. Uliza fedha zinatoka ndani ya saa ngapi na kwa saini za nani, kwa sababu msiba wa Ijumaa usiku wenye watia saini watatu waliosafiri ni msiba wa kukopa. Uliza pia mwanachama aliyechelewa michango anafanywaje. Kikundi kinachomkatalia mtu kwa deni dogo siku ya jeneza hakistahili jina hilo.

Kwa upande wa majonzi, vikundi hivi vina mali ambayo havijaitambua. Ndani yake wamo watu waliofiwa mwaka jana, mwaka juzi, na miaka kumi iliyopita. Kifo cha wengi harusi, wahenga walisema, na aliyepitia ndiye anayejua kwamba mwezi wa nne unaweza kuwa mgumu kuliko wa kwanza. Kikundi kikimteua mwanachama mmoja aliyefiwa kwa namna inayofanana, mjane kwa mjane, mzazi aliyezika mtoto kwa mwenzake, na kumtuma amtembelee mfiwa kuanzia wiki ya tatu, kinatoa huduma ambayo mijini watu wanailipia.

Watoto waliofiwa na wazazi: mpango wa Moshi na Bungoma

Hapa ndipo tulipoona kazi bora kuliko zote, na inasikitisha kwamba wazazi na walimu wengi hawajaisikia. Ni tiba ya vikundi kwa watoto wa miaka 7 hadi 13 waliofiwa na mzazi mmoja au wote wawili. Ilijaribiwa kwanza Moshi, Tanzania, kwa watoto 64, kisha Moshi na Bungoma, Kenya, kwa watoto 640, mjini na vijijini, na matokeo ya utafiti huo mkubwa yakachapishwa mwaka 2020. Waliowahudumia watoto hawakuwa madaktari wa akili. Walikuwa watu wa kawaida wa maeneo hayo, waliofundishwa na kusimamiwa kwa karibu wiki kwa wiki. Baadaye, Bungoma, walimu na wahudumu wa afya ya jamii waliichukua kwa jina la Pamoja Tunaweza.

Vikao ni 12, kimoja kwa wiki. Watoto wanakaa kikundi chao, na walezi, yaani bibi, shangazi, kaka mkubwa, wanakaa chao, wakijifunza yaleyale ili nyumbani mtoto asikute lugha nyingine. Kazi inaanza na maelezo: kifo ni nini, majonzi huonekanaje mwilini, na kwamba mtoto hakusababisha. Hili la mwisho si la kupitwa haraka. Mtoto wa miaka minane anaweza kuamini kabisa kwamba baba alifariki kwa sababu siku ile yeye alikataa kwenda kuchota maji, na hatalisema hadi aulizwe. Kisha yanafuata mafunzo ya kuutuliza mwili kwa pumzi za tumboni, kuzipa hisia majina, na kutofautisha wazo, hisia na tendo. Katikati ya mpango kuna vikao vichache vya mtoto mmoja na mhudumu wake, ambapo mtoto anasimulia au kuchora habari ya kifo kidogo kidogo, kuanzia kabla ya ugonjwa hadi baada ya maziko, akirudia mpaka aweze kuieleza bila mwili kutetemeka. Mwisho wanarudi kikundini kwenye maombolezo yenyewe: ninachokikosa kwa mama, na pia kile nisichokikosa, kwa sababu mzazi aliyekuwa mkali au mlevi naye ana mtoto anayemlilia huku akipumua kwa nafuu, kumbukumbu za kutunza, na watu waliopo sasa ambao mtoto anaweza kuwategemea.

Matokeo yake yanapaswa kusemwa kama yalivyo. Vikao vilipomalizika, watoto wa Bungoma, mjini na kijijini, na wa Moshi vijijini walikuwa na nafuu kubwa kuliko wenzao waliopata huduma za kawaida. Moshi mjini tofauti haikuonekana. Mwaka mmoja baadaye tofauti ilibaki Bungoma, ilhali upande wa Tanzania makundi yote mawili yalikuwa yamelingana. Watafiti walilihusisha hilo na ugumu wa maisha: watoto wa upande wa Kenya walikuwa na njaa zaidi, walezi wenye afya dhaifu zaidi na matukio mengi zaidi ya kutisha. Tunavyolisoma sisi, mpango huu upelekwe kwanza kwa mtoto mwenye mzigo mkubwa, badala ya kupewa kila yatima kama sare ya shule.

Kinachoharibu kazi hii ni mambo mawili. La kwanza ni kuruka vikao vya mtoto mmoja mmoja kwa sababu vinachukua muda. Bila hivyo mtoto anatoka akijua kupumua vizuri lakini kisa chake bado kimefungwa kifuani. La pili ni walezi kutohudhuria. Mtoto akisharudi nyumbani akauliza kuhusu mama na kujibiwa "nyamaza, unamliza bibi", wiki nzima imepotea.

Hata pasipo mpango wowote karibu nawe, mambo mawili yake yanaweza kufanyika leo. Mwambie mtoto kwamba mzazi amefariki, kwa neno hilohilo. Anayeambiwa baba amesafiri hukaa akisubiri, na siku ya kugundua anapoteza imani kwa waliobaki pia. Anayeambiwa mama amelala huanza kuogopa kulala, au kuogopa bibi anaposinzia kwenye kiti. Na akiuliza swali lilelile mara kumi, mjibu mara kumi kwa maneno yaleyale. Anapima kama jibu limebadilika.

Simu za msaada

Kenya, namba 1199 ya Msalaba Mwekundu haitozwi na unaweza kuongea Kiswahili. Befrienders Kenya wanasikiliza watu waliozidiwa, hasa wenye mawazo ya kujiua. Kwa mambo ya watoto namba ni 116, Kenya na Tanzania pia. Nguvu ya simu ni saa: majonzi yanazidi usiku, wakati hakuna wa kugongewa mlango. Udhaifu wake ni kwamba kila ukipiga unaweza kukutana na mtu mwingine na kuanza upya. Anza kwa sentensi mbili zilizonyooka, nani amefariki na lini, kisha kinachokusumbua usiku huo. Ukiwa na mawazo ya kutaka kufa, litangulie hilo, usilifiche mwishoni mwa mazungumzo. Tunazipendekeza kwa usiku mbaya. Haziwezi kuchukua nafasi ya mtu mmoja anayekufuatilia.

Hospitali, hospisi na mshauri wa kulipia

Ndugu akiwa amefariki kwa saratani au ugonjwa mrefu, ulizeni waliokuwa wakimhudumia kwa tiba shufaa, yaani huduma ya kumpunguzia mgonjwa maumivu na mateso, kama wanawafuatilia wafiwa. Kuitazama familia baada ya kifo ni sehemu ya kazi hiyo, si hisani. Nairobi Hospice, iliyoanza mwaka 1990 na iliyo ya kwanza Kenya, inafanya hivyo. Faida yake haipatikani kwingine: wanamjua marehemu, walimwona akiumwa, na mfiwa hahitaji kuanza kuelezea. Familia nyingi huacha kwenda kwa sababu zinaona aibu kurudi mahali ambapo mgonjwa wao hakupona. Rudini.

Hospitali za rufaa za Tanzania, mlango wa kugonga kwanza ni ofisi ya afisa ustawi wa jamii. Ukienda moja kwa moja foleni ya wagonjwa wa nje na kusema "silali", kuna hatari utatoka na vidonge. Kwa afisa ustawi unaelezea habari nzima, na yeye ndiye anayekuelekeza kitengo cha afya ya akili kama inahitajika. Inahitajika lini? Uainishaji wa magonjwa wa Shirika la Afya Duniani unaweka miezi 6 au zaidi ya hamu kali ya marehemu au kumwaza kusikokoma, kiasi cha kuharibu kazi, malezi au ibada, na kupita kiasi ambacho mila na dini ya mtu vingekitarajia. Mwongozo wa madaktari wa akili wa Marekani, tangu mwaka 2022, unataka miezi 12 kwa mtu mzima na 6 kwa mtoto. Ila usisubiri miezi yoyote kama mtu hali chakula, anazungumzia kumfuata marehemu, au amehamia kwenye pombe. Huyo anapelekwa leo, na anasindikizwa.

Kwa mshauri wa kulipia, Kenya ina sheria ya mwaka 2014 inayohusu washauri nasaha na wanasaikolojia, kwa hiyo kuuliza usajili si utovu wa adabu. Amani Counselling Centre ya Nairobi ipo tangu mwaka 1979 na inafundisha washauri pia. Popote uendapo, ulizia bei ya kikao kimoja kabla ya kukaa, na usilipe vingi kwa mkupuo. Kikao cha kwanza kinatosha kumpima. Mzuri atauliza jina la marehemu na kulitumia. Ataacha unyamaze. Mbaya atakuambia usahau, atakuhubiria kabla hujamaliza, au atakusimulia ya mteja mwingine. Na huyo wa mwisho jua na yako yatasimuliwa.

Ofisi nyingi za washauri zinamsahau mjane anayekaa eda. Miezi minne na siku kumi, au hadi ajifungue kama ana mimba, ni kipindi kilekile ambacho wageni wanapungua, na huduma inayosubiri aje mjini haimfikii. Ulizeni kwa niaba yake mshauri mwanamke anayekwenda nyumbani au anayepokea kwa simu, na mpatane saa ambayo hakuna wageni sebuleni.

Mimba iliyotoka, mtoto aliyezaliwa mfu

Hapa hata matanga hayapo. Mtoto anazikwa upesi na wanaume wachache, mama yuko wodini, pengine wodi moja na waliojifungua salama, na akirudi nyumbani anaambiwa atapata mwingine. Still A Mum ya Kenya, iliyoanzishwa na Wanjiru Kihusa, inawashughulikia wazazi hawa hasa, kwa vikundi na kwa ushauri. Tunaipendekeza bila kusita, hata kwa baba, ambaye huulizwa tu hali ya mke wake. Familia isiyoweza kufika inaweza kufanya haya: mama aulizwe, asiamuliwe, kama anataka kumwona na kumshika mtoto, apewe muda, mtoto apewe jina kama wazazi wanataka, nguo zilizonunuliwa zisiondolewe kabla hajarudi nyumbani. Kuzikuta ni uchungu. Kukuta mtu amezificha ni uchungu zaidi, maana ni kama kuambiwa hakukuwa na mtoto.

Kwa walio Uingereza

Aliyefiwa na mzazi Tanga au Mombasa akiwa Leicester ana msiba wa aina yake: kazini amepewa siku chache, nauli haipo, maziko anayatazama kwenye simu. Cruse Bereavement Support, iliyoanza mwaka 1959 kwa ajili ya wajane na sasa ni ya kila mfiwa, ina simu ya bure 0808 808 1677 na huwapa watu wanaohitaji vikao, kwa kawaida hadi sita, na wahudumu wa kujitolea waliofundishwa. Inahudumia England, Wales na Northern Ireland. Scotland wana Cruse yao. Kusubiri kupo, kwa hiyo jiandikishe mapema na tumia simu wakati unangoja. Lugha ni Kiingereza, na mhudumu huenda asijue arobaini ni nini wala kwa nini unadaiwa mchango na ukoo mzima. Mweleze mwanzoni, dakika tano zinatosha, la sivyo vikao viwili vitaishia kwenye kufafanua.

Kwa maziko ya kwenye simu, mpe mtu mmoja kazi ya kushika kamera, asiwe mchukua jeneza wala mwanandugu wa karibu, na awe na chaji ya ziada. Kumbuka Afrika Mashariki iko mbele kwa saa 3 majira ya baridi na 2 majira ya joto; wengi wamekosa kutia udongo kwa macho kwa kukosea saa hiyo. Kaa na mtu chumbani. Na mwombe aliyeshika kamera asikate makaburini, aendelee mpaka watu wanaporudi nyumbani na kuketi, kwa sababu hapo ndipo wanapoanza kumzungumza marehemu, na wewe unaweza kuchangia neno.